Barua Iliyosema Sitapona

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Najua mwongozaji wetu amesema kila anayeshuhudia asimame ili waliokaa nyuma wamwone. Mimi naomba mniache niketi papa hapa kwenye kiti changu. Mkishasikia habari yangu mtaelewa kwa nini sisimami tena mbele ya kanisa.

Mimi ni Muriuki, fundi wa redio. Kibanda changu kiko sokoni Nyeri, upande wa wauza viatu vya matairi. Nilipooza miguu nikiwa mtoto wa miaka minne. Nilishikwa na homa, na homa ilipoondoka iliondoka na nguvu ya miguu. Wenzangu walipokuwa wakikimbia mimi niliketi nikitazama vitu, na mtu anayeketi sana huanza kujiuliza. Kwa nini mvua huanzia kule mlimani? Ng'ombe hujuaje kwamba kuna chumvi kabla hajaiona? Baba aliponunua redio, ya kwanza kijijini kwetu, nilingoja waende shambani nikaifungua nione hao wasoma habari wameketije mle ndani. Nilichapwa vizuri. Lakini nilipoirudisha ikazungumza tena, na tangu siku hiyo kazi yangu niliijua.

Ndugu zangu, udadisi huo umenilisha hadi leo. Na udadisi huohuo ndio ulioniingiza taabani.

Niliposema nataka kuoa, watu walicheka kwa adabu. Nyokabi hakucheka. Aliniuliza redio hupata wapi sauti, nikamweleza mpaka chai ikapoa, na alipoondoka nilijua atarudi. Tulijenga kijijini Skuta, kwenye kipande cha shamba la baba, chini kabisa bondeni. Njia ya kupanda hadi barabarani ni ngazi za udongo, kiti cha magurudumu hakipiti. Kiti changu tulikiacha juu kwa jirani, na kutoka mlangoni mpaka kwa huyo jirani Nyokabi alinibeba. Mnajua mama zetu wanavyobeba kuni, mkanda wa ngozi ukizunguka mzigo na kupita juu ya kichwa? Hivyo ndivyo alivyonibeba mimi, mume wake wa ndoa ya kanisani, kila asubuhi akipanda na kila jioni akishuka, mvua ikinyesha na isiponyesha. Mimi si mzito sana, lakini pia si kuni. Mkanda ule ulimchora mfereji kichwani, na kitambaa kikiteleza unauona hata leo. Watu walimsifu njiani. Mimi nilikuwa mgongoni mwake nikitazama kisogo chake, nikiona aibu.

Mimba mbili zilitoka. Hatukuambiana ni kwa nini. Lakini kila mmoja wetu alikuwa na wazo lake, na nadhani lilikuwa wazo moja.

Sasa niwaambie dhambi yangu. Bendera yetu ilikuwa bado mpya mwaka ule, na watu walikuwa na hamu ya kila kitu kipya. Kukawa na mkutano mkubwa wa injili kule Kiriaini, na mhubiri mgeni aliyesifika kwa kuombea wagonjwa. Kanisa letu likanipeleka. Watu walijaa uwanjani mpaka wengine wakasimama katikati ya michai. Chini ya suruali yangu nilikuwa nimevaa vyuma vya miguu. Kwa wasiovijua, vyuma hivi vina pete ndogo kwenye goti. Ukiishusha pete, chuma kinakaza na goti halikunjiki tena, na mtu aliyepooza kama mimi anaweza kusimamishwa wima kwa muda mfupi. Mhubiri alinijia, akaniwekea mikono, akaniombea kwa machozi ya kweli. Simsemi vibaya hata kidogo. Kisha akapaza sauti: "Simama!"

Ndugu zangu, wazo langu la kwanza halikuwa imani, wala halikuwa ulaghai. Nilijiuliza tu: nikisimama, itakuwaje? Nilitaka kujua! Nikapitisha mikono juu ya suruali, nikashusha pete ya kulia, ta, na ya kushoto, ta. Wazee wawili wakanishika makwapani, wakaniinua, wakaniachilia. Nikasimama! Uwanja mzima ulilia. Watu walipiga magoti matopeni na nguo zao nzuri. Nikaletewa kipaza sauti, na hapo udadisi wangu ungeweza kuishia, ningeweza kusema ni vyuma. Badala yake nikasema, "Nimeponywa!"

Nilisimama muda wa kuhesabu kumi hivi. Kisha wakanipitisha nyuma ya jukwaa, na huko nikaanguka kifudifudi kwenye nyasi. Nyokabi akaja, akanipangusa matope, akafunga mkanda wake, akanibeba. Hakuniuliza neno. Heri angeniuliza.

Habari ya kupona kwangu ilitembea kuliko nilivyowahi kutembea mimi. Walioniona Nyeri wiki iliyofuata, nimeketi kwenye kiti kilekile, walisema nguvu inakuja polepole, nami nikaitikia amina. Kulikuwa na sababu ya kunyamaza, na iliitwa Gitonga. Huyu ni fundi wa magari, yuko pale karibu na dirisha, msimtazame sana ataona haya. Wakati huo Gitonga alikuwa mtu wa pombe, alikunywa mpaka spana zake. Aliokoka siku ileile, Kiriaini, mkutano uleule. Nikajiambia nikisema kweli Gitonga atarudi kilabuni, na mimi ndiye nitakayeulizwa mbinguni. Kwa hiyo nikauvisha uongo wangu nguo ya kazi njema, nikakaa nao.

Ikapita karibu miaka miwili. Mjomba wangu, aliyekuwa akinunua ng'ombe Doldol, alikuwa na gari dogo ambalo lilimchosha kwa kukwama matopeni. Akapata pikapu, akaniachia lile dogo, akasema angalau nitalifungua nione kilichomo. Mjomba alinijua vizuri. Nililifungua kweli, mimi na Gitonga. Nikamwuliza, klachi inavutwa na nini? Waya. Breki je? Chuma. Basi waya na chuma vinajuaje kama ni mguu au ni mkono? Gitonga akanitazama, akakuna kichwa, akaenda kutafuta mabomba. Tulihangaika miezi. Mwishoni gari lile lilikuwa na fimbo mbili karibu na usukani, moja ya breki, moja ya klachi, na pete ya kuongezea mafuta ambayo nilikata mwenyewe kutoka kwenye kitufe cha redio mbovu. Nililiendesha ndani ya uwanja wa gereji, mbele na nyuma, nikilia. Tulikuwa na furaha ya watu waliogundua kitu!

Skuta kuna njia nyingine ya nyuma, ya lori la kahawa, inayozunguka mbali mpaka mlangoni kwetu. Kwa kiti cha kusukuma ni safari ya siku nzima. Kwa gari si kitu. Na wakati huohuo Nyokabi akawa mjamzito mara ya tatu.

Mkunga alimpima, kisha akanitazama mimi. "Huyu mama asibebe kitu tena," akasema. "Akibeba, hii pia itaenda. Mimi nimewaambia."

Nikasema nitakaa nyumbani. Nilikaa wiki mbili, na hakuna redio hata moja iliyoshuka bondeni kunitafuta. Majirani walinibeba siku mbili tatu, kisha kila mmoja akawa na shamba lake. Nyokabi akachukua mkanda ukutani. Nikakataa, akaufunga, nikapigana naye kwa mikono, na mnajua nani alishinda. Kwa hiyo mtoto yule alingoja jambo moja tu: gari lisajiliwe liingie barabarani.

Sheria za usajili tuliachiwa na mkoloni, na ofisi iliyozishika ilikuwa ghorofani. Ndiyo, mambo ya walemavu, ghorofani! Wachukuzi wawili walinipandisha ngazi. Sheria ilisema gari lililobadilishwa kwa ajili ya mlemavu lisisajiliwe mpaka daktari aandike kwamba ulemavu wa mwenyewe ni wa kudumu. Na barua hiyo iletwe mpya kila mwaka, na mwenyewe aje nayo kwa mwili wake. Nilimwuliza kijana wa mlangoni, jambo likishaitwa la kudumu, mwaka ujao litakuwa limegeuka nini? Akasema hajawahi kuulizwa. Daktari wangu alikuwa ameandika barua safi: miguu yote miwili imepooza, haitapona. Niliishika mkononi kwa furaha, ndugu zangu, jambo la ajabu, mtu kufurahia barua kama hiyo.

Karani mkuu aliitwa Ndegwa. Mtu wa miwani, mzee wa kanisa huko kwao, kalamu zake zimepangwa mstari. Alisoma barua, akanitazama, akasoma jina tena.

"Wewe si ni Muriuki wa Kiriaini?"

"Ni mimi."

"Lakini mimi nilikuwa huko! Nilikuona na haya macho yangu ukisimama. Nililia mpaka bibi yangu akanishika. Na hii barua inasema ati hautapona?"

Nikasema nguvu bado haijafika sawasawa.

"Basi tungoje ifike," akasema Ndegwa, kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. "Bwana Muriuki, mimi siwezi kuweka mhuri hapa. Mungu amekuponya, halafu niandike ni ya kudumu? Nitakuwa nimemfanya Mungu mwongo. Hata hii barua ya kila mwaka watu wanalalamikia, mimi naona iko na maana. Inampatia Mungu nafasi."

Hakutaka chai, hakutaka kitu kidogo. Kama angekuwa mtu mbaya ningejua la kufanya! Alikuwa mtu mwema aliyeniamini. Wachukuzi wakanishusha, barua ikiwa bado haina mhuri.

Nyokabi aliningoja barabarani na mkanda wake. Nilipomweleza, hakushangaa. "Si ungemwambia tu," akasema.

"Nimwambie nini?"

"Zile pete. Unafikiri sikusikia zikilia pale Kiriaini? Ni mimi huzishusha nyumbani kila Jumapili nikikuvalisha suruali. Nisijue mlio wake?"

Miaka miwili, ndugu zangu! Miaka miwili alikuwa akijua, akinibeba mimi na uongo wangu, na hakuwahi kulalamikia uzito. Nilitamani ardhi inimeze. Alinibeba kushuka jioni ile. Siku ya tatu asubuhi aliona damu kidogo.

Mkunga akamlaza, akasema asiinuke, tungoje. Nilikaa kando ya kitanda nikitazama mkanda ukutani. Gitonga alipokuja kutuona nilimwambia yote bila kupumzika, pete, kipaza sauti, kila kitu, na nikamwambia naogopa atarudi kwenye pombe kwa sababu yangu. Gitonga alinisikiliza akijifuta grisi.

"Muriuki," akasema, "mimi nimepima hiyo miguu yako miezi yote nikitengeneza fimbo. Unafikiri nilidhani ni mizima?"

"Na uliokoka kwa sababu uliniona nikisimama!"

"Nani alikuambia? Mimi nilikuwa nyuma ya jukwaa, nilikuwa nimelewa, nimelala hapo. Ukisimama sikuona. Nilikuona ukianguka. Halafu nikaona huyu mama akikuchukua bila kelele, akikupangusa. Nikajiuliza, hii ni kitu gani mtu anafanyiwa hivi? Mimi pia nilitaka hiyo kitu."

Ndugu zangu! Miaka miwili nilikuwa nimelinda uongo kwa ajili ya mtu ambaye hata hakuuona! Nilidhani Mungu anahitaji zile sekunde kumi zangu za kusimama, kumbe yeye alikuwa akifanya kazi nyuma ya jukwaa, kwenye nyasi, mahali nilipoona aibu. Hapo ndipo nilipofunguliwa. Sikusikia sauti wala sikuona nuru. Nilimwambia Gitonga, nenda ukamwite Bwana Ndegwa aje kanisani kwetu Jumapili.

Alikuja. Aliketi mbele, na Biblia yake kubwa, akitarajia bila shaka kuniona nikitembea. Gitonga alinisukuma mpaka mbele. Nikaomba kanisa linyamaze, nikanyoosha miguu kwa mikono, nikashusha pete. Ta. Ta. Kila mtu alisikia. Nikasema, "Huu ndio muujiza wangu wa Kiriaini. Niliwadanganya. Nisameheni." Baadhi yenu mlikuwepo. Mnakumbuka kimya kile. Mama mmoja alilia kwa uchungu, mwanamume mmoja akachukua kofia yake akatoka, na mpaka leo hajarudi kwetu, naye namwombea na sina la kujitetea. Mchungaji akasema tuimbe. Ndegwa alitoka kabla wimbo haujaisha. Hakunipa mkono.

Nikajua nimepoteza gari. Ajabu ni kwamba usingizi wangu ulirudi.

Jumatatu mchana nilisikia mtu akiteleza na kusema "wuui" kwenye ngazi zetu za udongo. Ndegwa! Karani mkuu, viatu vyekundu kwa matope, akishuka bondeni Skuta na mfuko wake wa ngozi. Aliingia, akamwona Nyokabi kitandani, kitambaa kimemtoka kichwani. Aliutazama mfereji ule kichwani, akautazama mkanda ukutani, akarudi kuutazama mfereji. Akapiga magoti mbele yangu.

"Nionyeshe," akasema.

Nikapandisha suruali. Alishika pete kwa vidole viwili, akaishusha, ta. Akaipandisha. Akaishusha tena. Nadhani alifanya hivyo mara tano, na uso wake ulikuwa kama wangu siku ya redio ya baba.

"Kwa hivyo nilikuwa nalilia hii?"

"Ulimlilia Mungu, mzee. Mimi ndiye niliyesimamia hii."

Akaketi sakafuni, akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akatoa miwani akajifuta macho. "Jana nilikuwa na hasira na wewe," akasema. "Halafu usiku nikafikiria. Kwa hiyo ofisi watu wanapandishwa ngazi kila mwaka kuniambia mguu haujamea. Na mimi nawaambia wampatie Mungu nafasi. Kumbe nafasi nilikuwa nayo mimi." Kisha akafungua mfuko, akatoa mhuri na wino, akaomba barua ya daktari, na akaigonga pale pale juu ya meza yetu ya kulia githeri. Ya kudumu. Neno hilo nililichukia tangu utotoni. Siku hiyo nililishika mikononi nikalibusu, Nyokabi akicheka kitandani kwa mara ya kwanza wiki ile.

Gitonga alilileta gari kwa njia ya kahawa. Ndegwa akalikagua hapo mlangoni, akaingia, akaniambia niendeshe. Nilimzungusha mpaka barabarani na kurudi, naye akiuliza hii fimbo ni ya nini na hii je, mpaka nikaona nimepata ndugu wa tabia yangu.

Hakuishia hapo. Aliwaandikia wakubwa wake. Sijui aliandika nini, nimemwuliza mara nyingi na hataki kuniambia. Majibu yalichukua muda, lakini yalikuja: mtu ambaye daktari ameandika kwamba ulemavu wake ni wa kudumu ataleta barua mara moja tu, na asiyeweza ngazi, karani atamshukia. Kuna mzee wa Karatina asiye na mguu ambaye hanijui wala simjui, na mwaka huu hakupandishwa ngazi na mtu. Mungu atukuzwe!

Na mtoto? Yule pale, anayevuta kila kitu kutoka kwenye mkoba wa mama yake. Tumempa jina la mama yangu kama desturi yetu inavyotaka, lakini hiyo tabia ya kupekua ni yangu.

Mtu ataniuliza, kwa hiyo Muriuki, Mungu hakukuponya? Ndugu zangu, sijui kwa nini hakuiponya miguu. Nimemwuliza, naendelea kumwuliza, na sioni kama anachukizwa na maswali. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimefungwa na neno langu mwenyewe, nikafunguliwa siku nilipokubali kuonekana nilivyo. Kama kuna mtu hapa aliyeshuhudia zaidi ya alichopokea, asiogope. Mwambie Mungu ukweli. Hatashtuka, alikuwepo. Mwamini na hicho ulicho nacho, hata kama ni kidogo, hata kama hakisimami.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru ninyi mlionisamehe. Ule mkanda wa ngozi sasa unafunga gunia la viazi juu ya gari siku za soko. Ibada ikiisha, wazee mnaokwenda upande wa Skuta msianze kutembea, ningojeeni mlangoni. Nyuma kuna nafasi ya watu watatu wakibanana. Lakini kiti cha mbele msikiguse, hicho ni cha Nyokabi.